Shamba Letu: Mforosadi na Mbolea Yake



Wako kati yenu waliopanda miforosadi nyuma ya nyumba, wakitumaini kufuga viwavi wa hariri. Wakiona majani ni madogo tena ya manjano, hukimbilia kununua mbolea. Ngojeni kwanza, tuutazame udongo wetu wa Mtwara.

Kiwavi wa hariri halishwi kitu ila jani la mforosadi. Kwa majuma manne hivi uzito wake huongezeka kama mara 10,000, kisha husokota kifuko cha uzi mmoja unaoweza kufika meta 1,000. Uzi huo ni protini, na protini haifanyiki bila naitrojeni. Kiwavi huipata katika jani, na jani huipata katika udongo. Basi udongo ukiwa maskini, kifuko nacho kitakuwa chepesi.

Nasi twaujua mchanga wetu. Mvua kubwa ikinyesha, naitrojeni huteremka chini pamoja na maji, mizizi ikabaki na njaa. Ukitia mbolea ya mwaka mzima kwa siku moja, umelisha mchanga.

Tena kuna habari ya salfa. Kwa miaka mingi tumepuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, na ile inayoanguka chini huufanya udongo uwe mchachu. Mbolea iitwayo SA nayo huzidisha uchachu ule ule. Karibu na mikorosho mimi nisingeitia. Chagueni CAN, ambayo haina ukali huo.

Kipimo je? Huko India, shamba la miforosadi linalotegemea mvua hutiwa kilo 100 hivi za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa miti iliyopandwa nafasi ya sentimeta 90, hiyo ni kama gramu 30 za CAN kwa kila mti. Gawanyeni mara mbili. Kateni matawi mvua zinapoanza, na machipukizi yakitokea tieni vizibo vitatu vya soda. Vitatu vingine ngojeni Februari. Udongo uwe na unyevu. Chimbeni kijifereji umbali wa shibiri moja na shina, tieni, mfukie. Lakini samadi ya mbuzi iliyooza vizuri itangulie, maana ndiyo inayoshika maji mchangani. Katikati ya mistari pandeni kunde.

Msidhani kuzidisha ni faida. Naitrojeni ikizidi, jani huwa kubwa, laini, lenye maji mengi. Machoni lapendeza, lakini viwavi wakilila huugua upesi.

Jambo jingine lanitia hofu kuliko mbolea. Tangu Juni hadi Septemba majirani hupuliza mikorosho, na dawa ya wadudu haichagui: kiwavi wa hariri naye ni mdudu. Majani machache yaliyoguswa na dawa yaweza kuua ufugaji wote wa nyumba. Kwa kuwa miezi hiyo upepo ni wa kusi, miforosadi ikae upande wa kusini wa mikorosho, mbali nayo, wala msichume jani lenye vumbi la dawa.

Na mnunuzi mtafuteni kabla ya kutafuta mayai. Asiyempata, forosadi awape watoto wale, na ile CAN aitie kwenye mahindi.