Dubu Naye Ana Kiu
Septemba, Montana ikiwa kavu, mwindaji wa upinde huvizia kulungu kwenye chemchemi. Hesabu nzuri, ila dubu wa grizli naye anaijua njia ya maji, na msimu huo hula mchana na usiku akijiwekea mafuta ya kulalia miezi ya baridi. Wawindaji hubishana wee kuhusu upepo na mahali pa kujificha. Kwangu kazi ngumu huanza baada ya mshale. Kulungu akijeruhiwa jioni, utamfuata gizani huku dubu naye akinusa damu ileile. Heri kupiga asubuhi, kupasua haraka na kutundika nyama mbali na matumbo. Na dawa ya pilipili ya kufukuzia dubu ikae kiunoni, jamani, si ndani ya begi!