Presha ya mzazi haisubiri mchango wa dharura

"Mama kaanguka, amelazwa." Simu ya namna hii ikiingia usiku, familia nyingi za Afrika Mashariki zinajua la kufanya. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, hela zinatumwa kwa simu, na hadi asubuhi mchango umepatikana.

Kinachozishinda ni miezi iliyotangulia, pale mzazi alipohitaji vidonge vya kila siku, kipimo cha mara kwa mara na mtu wa kumfuatilia. Magonjwa ya wazazi yamebadilika, lakini namna ya kuwauguza bado ni ile ya dharura.

Dozi isiyoisha

Wengi wamekulia na malaria. Dawa ya mseto humezwa siku tatu, mgonjwa anainuka, dozi imekwisha. Presha na kisukari haviendi hivyo. Kwa wagonjwa wengi, dawa humezwa kila siku hata mtu anapojisikia mzima, kwa sababu dawa hizo ndizo zinazomweka katika hali hiyo.

Mzee akisema "nimepona" na kuacha vidonge, anaweza kukaa wiki kadhaa bila kuona tofauti. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi inayojirudia siku tofauti ni ya juu, lakini mara nyingi haina dalili. Inayokuja kuonekana ni kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kuharibika.

Mtego mwingine uko duka la dawa la mtaani. Magoti yakiuma, mzee ananunua diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza mtu. Dawa hizo zikitumiwa mfululizo zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Mtoto anayetuma hela ya dawa ya presha hana habari. Daktari naye hajui, kama hakuambiwa.

Anayetuma na anayebaki

Mara nyingi mtoto mmoja yuko mjini au ng'ambo na anatuma hela, mwingine amebaki nyumbani na mzazi. Anayetuma ndiye anayesifiwa kwenye vikao vya familia. Anayebaki, mara nyingi binti au mkamwana, ndiye anayejua kwamba vidonge vimekatwa nusu ili vifike mwisho wa mwezi, na kwamba kliniki iliyopita mzee hakwenda kwa kukosa nauli.

Hilo halijulikani kwa salamu za simu. Mzazi akiulizwa hali atajibu "sijambo mwanangu, namshukuru Mungu," hata kama miguu imevimba. Maswali yanayosaidia ni mengine: vidonge vimebaki vingapi? Presha ilisoma ngapi wiki hii? Tarehe ya kliniki ni lini, na nani anampeleka?

Bima inafika wapi?

Serikali nazo zimeanza kusogea. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilishaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. Kwa miaka mingi pia, mwanachama wa NHIF ameweza kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi wake.

Kenya iliachana na NHIF yake Oktoba 2024 na kuhamia SHA. Huko mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, lakini makato hayo yanamhusu yeye, mwenza wake na watoto. Mzazi anasajiliwa kivyake. Mwenye miaka 70 na zaidi aliye kwenye mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi, hela ambayo ni chakula, nauli na dawa kwa pamoja.

Kadi ya bima ina kazi yake, hasa mzazi akilazwa. Lakini haimkumbushi mzee kumeza kidonge saa mbili asubuhi, wala haipunguzi chumvi kwenye mboga.

Mchango kabla ya simu

Familia iliyozoea kuchangishana hospitalini inaweza kutumia mazoea hayohayo mapema: kiasi kidogo cha kila mwezi kwa ajili ya vidonge, nauli ya kliniki na kipimo cha presha cha nyumbani. Pia kitu kidogo kwa yule anayebaki na mzee, maana siku anazouguza hafanyi kazi zake.

Na dharura ikija licha ya yote, dakika zina thamani. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, mzee apelekwe hospitali saa ileile. Kikao cha mchango kitafuata baadaye.