Kazi za Mikono Nyumbani: Rangi Ikaayo Katika Uzi



Mabibi kadhaa wa hapa Kapalata, wafumao kofia na soksi za watoto wachanga, wametuuliza kama mtu aweza kutia uzi rangi nyumbani mwake, kwa vitu vya bustani na vya jikoni. Twajibu kwamba yawezekana. Lakini kabla ya kuweka sufuria motoni, yafaa tujue kazi yenyewe iko wapi. Kuupa uzi rangi si jambo gumu. Hata mtoto aliyemwaga mchuzi juu ya shati lake jeupe ameliweza. Kazi ni kuifanya rangi ikae. Mama anunuaye kofia nyekundu, akaifua pamoja na shuka ya mtoto, akakuta kofia imepauka na shuka imekuwa na mabaka, amepoteza vitu viwili kwa siku moja. Naye ni jirani yetu, wala hana fedha ya kununua mara ya pili.

Basi, kwanza uujue uzi wako. Kata kipande kifupi, ukishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, ukiwashe. Sufu ya kweli, yaani manyoya ya kondoo, huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake huvunjika vidoleni. Pamba huungua upesi na kunuka kama karatasi. Lakini uzi wa kiwandani uitwao akriliki huyeyuka, kisha huacha donge jeusi gumu. Nyuzi nyingi zinazouzwa kwa jina la sufu ni akriliki tupu. Uzi huo haushiki rangi za majani wala za mizizi, hata ukiuchemsha tangu asubuhi hadi jioni. Heri kupoteza kipande cha urefu wa kidole kuliko kupoteza kilo nzima na kuni zake.

Kitu cha pili ni dawa ya kushikisha rangi, nayo ni shabu: lile jiwe jeupe lenye kung'aa ambalo vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Kwa gramu 100 za uzi wa sufu mkavu, pima gramu 10 hadi 15 za shabu iliyosagwa. Iyeyushe katika kikombe cha maji ya moto, uimimine ndani ya sufuria yenye maji mengi ya vuguvugu, utie na uzi uliokwisha kuloweshwa. Pasha moto polepole muda wa saa nzima, maji yakaribie kuchemka lakini yasichemke, kisha uache uzi upoe humo humo. Sufu haipendi mambo ya ghafula. Ukiitoa motoni na kuitumbukiza katika maji baridi, itasinyaa na kugandamana, wala hutaweza kuifuma tena.

Pamba na rafia ni watoto wa mimea, nazo hazipatani vema na shabu peke yake. Inafaa kuziloweka kwanza katika maji yaliyochemshiwa kitu chenye ukakasi, kama majani ya mpera, magome ya mwembe, au hata majani makavu ya chai. Ukakasi ule ukazao ulimi huitwa tanini, nao ndio daraja kati ya uzi na shabu. Angalieni tu maji mnayotumia. Maji yenye chuma, pamoja na tanini, hugeuza kila rangi kuwa ya kijivu au nyeusi. Mafundi wa matope wa nchi nyingi hulitafuta jambo hilo makusudi, wakitaka weusi. Lakini chuma kikizidi hula uzi, ukakatika baada ya miaka michache. Mvua ya Kisangani haina uchoyo. Kingeni maji yake.

Sasa rangi. Maganda makavu ya vitunguu, yakiwa na uzito sawa na uzi, hutoa rangi ya njano iliyokolea, na sufu huipenda sana. Majani ya mwembe nayo hutoa njano. Manjano ya mchuzi huwavutia wengi kwa kuwa hung'aa na hukamata uzi hata bila shabu. Nasi twasema wazi kwamba hatuipendi kwa nguo za mtoto. Jua huifuta kwa siku chache, na ikiguswa na sabuni kali au maji ya majivu hugeuka kuwa nyekundu ya kutu.

Rangi ambayo wazee wetu waliisifu kuliko zote ni nyekundu ya ngula, utokao katika kiini cha miti ambayo wataalamu huiita Pterocarpus. Mabibi wa zamani walijipaka unga huo mwilini. Huko Kasai, Wakuba huuita tukula, na kwa huo hutia wekundu rafia yao, ambayo wanaume hufuma na wanawake hutarizi. Sifa ya vitambaa hivyo ilifika mbali, hata mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alivitundika ukutani mwake. Lakini ngula una tabia ya pekee: rangi yake haiyeyuki vema katika maji. Mtu auchemshaye na kuuchuja kama chai hupata maji yaliyopauka, kisha huulaumu mti. Unga uingie sufuriani pamoja na uzi, vichemke polepole pamoja kwa muda mrefu, na uzi ukung'utwe baadaye.

Hata hivyo msiende kukata miti. Ndugu wa mti huo, uitwao mukula kule Katanga, ulikatwa bila huruma na magogo yake yakasafirishwa ng'ambo, hata mwaka 2022 mkutano wa mataifa huko Panama uliamua kwamba miti yote ya jamii hiyo katika Afrika isiuzwe nchi za nje bila kibali. Vumbi la mbao nyekundu chini ya msumeno wa seremala lamtosha mfumaji.

Wengine watasema: Mbona kuhangaika, na rangi za pakiti zipo? Hatuzidharau. Zilianza mwaka 1856, kijana Mwingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alipokuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutoka katika lami ya makaa ya mawe, akapata rangi ya zambarau badala ya dawa ya homa. Tangu hapo viwanda vimetoa rangi nyingi zenye kushika vizuri. Lakini rangi ifaayo pamba mara nyingi haifai sufu. Mnunuzi asome pakiti, na unga usio na maandishi yoyote auache sokoni.

Sufuria ya rangi isirudi kupikia chakula kamwe, wala kijiko chake. Na kama kitabu cha zamani kikikushauri kutumia chumvi ya kromi yenye rangi ya chungwa, ukurasa huo upite: ni sumu.

Kabla ya kuuza, sokota uzi wa rangi pamoja na uzi mweupe, ufue kwa sabuni ile ile ya nyumbani, uanike. Uzi mweupe utasema kweli. Kisha zungusha uzi mwingine juu ya kipande cha katoni, ufunike nusu yake kwa karatasi nene, uuweke juani majuma mawili, ulinganishe pande mbili. Uzi ulioshindwa waweza kutariziwa picha ya kutundika ukutani, mahali pa kivuli, maana picha haifuliwi. Lakini anayeinunua aambiwe hivyo kabla hajatoa fedha yake.