Kahawa ni ya mama, pesa ni ya nani?

Kalehe, Idjwi, Minova: kando ya ziwa Kivu ni mama anayepalilia kahawa, anayechuma tunda jekundu moja moja, anayebeba mgongoni mpaka kituo cha kuoshea. Siku ya malipo linaitwa jina la bwana. Ndugu zangu, msiniambie hiyo ni desturi. Ni wizi. Tangu Julai 2016 Sheria ya Familia haimlazimishi tena mwanamke wa ndoa kuomba ruhusa ya mume ili atie sahihi mkataba.

Na wajane? Miaka mingi kahawa ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, waume wengi wakazama. Shamba likabaki, ukoo ukaja kulidai.

Kwa hiyo ndugu zetu mlio Ulaya na Marekani, mkiuziwa paketi yenye picha ya mwanamke anayecheka, picha haitoshi. Ulizeni: mama huyu ameandikwa kwa jina lake katika koperative? Analipwa mkononi mwake? Alama ya biashara ya haki inaleta nyongeza ambayo wanachama wanaipigia kura, na kama mwanachama ni bwana peke yake, mama hana kura. Muuzaji akikosa jibu, mwachieni paketi yake, nunueni kwa mwenye jibu.

Wapo wanaosema wakati wa vita tuache mambo ya daftari. Lakini mama aliye kambini leo, akirudi kesho, ataonyesha nini kwamba kahawa ile ni yake?