Barua ya Haraka na Mkono wa Mfanya Kazi



Wajumbe wetu wa steji za Kaaga na Makutano wametuletea shauri moja, na shauri hilo limetufanya tuweke kando habari nyingine zilizokuwa ziandikwe katika ukurasa huu. Ni habari ya vifurushi. Gari linatoka Maua kwenda Nairobi, limebeba abiria, na pamoja nao limebeba bahasha za ofisi, dawa za maduka na vipuri vya magari. Likifika Kaaga halisimami. Linapunguza mwendo kidogo tu, makanga ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anapokea kifurushi kutoka kwa kijana wa steji anayekimbia ubavuni, au anamtupia kilicho chake. Gari limekwisha kwenda. Pikapu za miraa ndizo zimezidi, maana miraa ikichelewa siku mbili haina bei tena, na mwenye mali hataki kusikia neno "simama".

Tumezoea kuliona jambo hili hata tunalipigia makofi. Kijana anayedaka gunia bila kuanguka huitwa hodari. Sisi tunasema kijana huyo anafanya kazi ya chuma, na tunasema hivyo kwa sababu kazi hii hii, katika nchi nyingine, ilipewa chuma chake. Tafadhalini msome kwa uvumilivu, kwani habari yenyewe inaanza mbali.

Mwaka 1838, reli zilipokuwa bado changa huko Uingereza, Posta iliweka makarani ndani ya garimoshi ili wachambue barua njiani. Behewa la kwanza lilikuwa la kubebea farasi, likageuzwa. Mara wakaona taabu yake. Kila mji mdogo ulitaka barua zake, na garimoshi likisimama kila mji, faida ya reli imekwisha. Mwaka ule ule Nathaniel Worsdell, msimamizi wa kazi ya kuunda mabehewa, akabuni chombo cha kutoa na kupokea mifuko bila garimoshi kusimama, akajipatia hati ya uvumbuzi. Posta haikukubaliana naye juu ya bei, ikatumia chombo kilichobuniwa na mtumishi wake yenyewe. (Wanachama wenye akili ya ufundi walishike hilo.)

Chombo kilikuwa hivi. Kando ya reli palisimikwa nguzo yenye mkono. Mtu wa Posta wa mahali pale aliufunga mfuko ndani ya ngozi nene, akautundika kwenye mkono ule, kisha akaenda kusimama mbali. Ubavuni mwa behewa palikuwa na wavu wenye fremu ya chuma, umekunjwa. Karani aliyekuwa ndani aliutokeza wavu nje, nao ukaukumba mfuko pale ulipokuwa ukining'inia. Barua za kushuka zilikuwa kinyume chake: behewa lilinyosha mkono wenye mfuko, na wavu wa kupokea ulikuwa chini kando ya reli. Garimoshi lilikuwa likipita kwa mwendo wa maili 60 kwa saa na zaidi. Mfuko mmoja haukuruhusiwa kuzidi ratili 60, yaani kama kilo 27.

Angalieni vizuri, hakuna mkono wa mtu uliogusa mfuko wakati ule wa kugongana. Chuma kilipigana na ngozi, na mtu alikuwa kando. Tena karani hakutiwa katika kazi ile siku ya kwanza. Alitakiwa ajue gizani kabisa yuko wapi, maana wavu ukitokezwa mapema ungeweza kugonga daraja, kwa hiyo alijifunza kuhesabu madaraja na mlio wa magurudumu juu ya maungio ya reli. Filamu ya Posta yao iitwayo Night Mail, ya mwaka 1936, inamwonyesha karani mgeni akifundishwa kuhesabu hivyo na mwenzake mzoefu. Chombo kile kilidumu zaidi ya miaka 130. Kilitumika mara ya mwisho Oktoba 1971 karibu na Penrith, na mabehewa ya kuchambulia barua yenyewe yakakoma huko Januari 2004.

Huko Marekani walifanya kwa namna nyingine, na hiyo ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa kuwa huko chuma kilikuwa kidogo na mtu alikuwa mwingi. Huduma yao ya kuchambua barua njiani ilianza mwaka 1864, garimoshi likitoka Chicago kwenda Clinton katika Iowa. Mfuko ulitundikwa kwenye mlingoti kando ya njia, umefungwa ukanda katikati mpaka ukawa na kiuno kama nyigu. Karani alisimama mlango ukiwa wazi, akainua mkono wa chuma wenye ndoano, na ndoano ikaukamata mfuko kiunoni. Wakati ule ule aliupiga teke mfuko wa kushuka. Akikosea, upepo wa garimoshi uliuvuta mfuko chini ya magurudumu, ukapasuka, na barua zikaruka pande zote. Makarani waliita hali hiyo dhoruba ya theluji. Sisi huku tungesema kumbikumbi wametoka baada ya mvua.

Walakini mlango haukuwa ndio hatari kubwa kupita zote. Behewa la barua lilifungwa mbele, karibu na injini, na kwa miaka mingi lilikuwa la mbao. Garimoshi likipata ajali, mbao zile zilivunjika zikiwa na watu ndani. Tarehe 27 Septemba 1903 garimoshi la barua namba 97 lilianguka kutoka darajani katika mji wa Danville, Virginia, watu 11 wakafa, na miongoni mwao makarani wa barua. Lilikuwa limechelewa, na dereva alikuwa akijaribu kuufidia muda. Kampuni ya reli ilikuwa na mkataba wa kubeba barua, na ndani ya mkataba mlikuwa na faini ya kuchelewa. Ndugu zetu madereva wanaopigiwa simu njiani na kuulizwa "umefika wapi?" hawahitaji kuelezwa zaidi.

Makarani wale walipotaka kulalamika walikuta vinywa vimefungwa. Mwaka 1902 Rais Theodore Roosevelt alikuwa ametoa amri ya kuwakataza watumishi wa serikali kupeleka shida zao kwa wabunge, na Rais Taft aliyemfuata akaishikilia. Ndipo karani mmoja wa barua za reli, Urban A. Walter, akaanzisha gazeti dogo akaliita The Harpoon, yaani chusa, ule mkuki wa kuchomea samaki mkubwa. Humo aliandika habari za mabehewa mabovu na habari za amri ile. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likapitisha sheria iitwayo ya Lloyd na La Follette, na watumishi wakapata haki ya kupeleka shida zao Bungeni na ya kuingia katika vyama. Mabehewa ya mbao nayo yakaondolewa, yakawekwa ya chuma. Tunayataja haya kwa sababu wako wanachama wanaosema kwamba karatasi yetu hii inafaa kufungia njugu.

Je, hapa kwetu? Reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilijengwa tangu mwaka 1896 hata 1901, njia moja tu, upana wa mita moja. Injini za mvuke zilisimama kupata maji na kuni, zikasimama tena kungoja garimoshi la upande wa pili lipite. Kwa hiyo haraka ya Uingereza haikuwako, na mfuko uliweza kushushwa kwa mkono garimoshi likiwa limetulia. Reli ilifika Nanyuki mwaka 1930, ikaishia hapo. Meru haikufika kamwe. Hata baada ya misheni ya Wamethodisti kuanzishwa Kaaga mwaka 1912, barua za hapa hazikupata kuletwa na garimoshi mpaka mlangoni. Zilimaliza safari yao kwa miguu ya tarishi, na baadaye kwa motokaa kuzunguka mlima.

Tarishi hakuwa na maisha ya raha, tusidanganyane. Alitembea sana na alilipwa kidogo. Lakini mfuko ulipotoka mikononi mwake kwenda mikononi mwa mwingine, miguu ya wote wawili ilikuwa juu ya ardhi. Hicho ndicho kilichopotea. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, nchi zikagawana posta yao. Mwaka 1999 shirika la posta na simu la Kenya nalo likagawanywa. Barua za mkono zimepungua, vifurushi vimezidi, na sehemu kubwa ya vifurushi hivyo imeingia katika mabasi na matatu. Kazi imehama, na kanuni za kazi hazikuhama pamoja nayo. Tajiri amechukua haraka ya garimoshi la barua, akaiacha nguzo, akauacha wavu, akaacha mafunzo, na mahali pa vyote hivyo ameweka bega la makanga.

Tumezungumza na baadhi ya wenye magari. Hatuwataji, kwa maana mazungumzo yanaendelea. Jibu lao la kwanza ni kwamba mteja anataka upesi. Haya, tupige hesabu. Tuseme gari linasimama mara sita kati ya hapa na Nairobi kwa ajili ya vifurushi, dakika mbili kila mara. Jumla ni dakika 12 katika safari ya saa nne na zaidi. Dakika hizo hupotea kila siku penye foleni ya kuingia mjini, wala hatujasikia tajiri akienda kuigombeza foleni.

Jibu lao la pili ni baya zaidi. Wanasema makanga si mfanya kazi wao, ni kibarua wa siku, na kijana wa steji hawamjui kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inayatambua hata mapatano ya mdomo. Sheria ya Fidia ya Ajali Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu anaowaajiri. Tena iko Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ni ya 2007, isemayo kwamba mfanya kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha kurudi katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Habari ya kijana wa steji ni ngumu zaidi, hatufichi, kwa sababu huyo hulipwa na watu watatu kwa siku moja na kila mmoja humsukumia mwenzake. Kwa sababu hiyo hasa tunamtaka aandikishwe katika chama pamoja na makanga, wala asiachwe nje eti hana tajiri.

Wengine watasema tunarudisha mambo nyuma. Mwaka 2003 waziri John Michuki alipotoa amri ya vidhibiti mwendo na mikanda katika matatu, maneno hayo hayo yalisemwa, na mwanzoni mwa 2004 magari mengi yalikaa bila kazi kwa kukosa kutimiza masharti. Matatu hazikufa. Zimo barabarani hata leo, na nyingine zinatupita hapa Kaaga tunapoandika haya.

Basi matakwa yetu ni haya. Kifurushi kisitolewe wala kupokewa kabla magurudumu hayajasimama kabisa. Faini ya kuchelewa isikatwe katika malipo ya dereva wala ya makanga. Makanga awe na bima, naye aonyeshwe karatasi yake kwa macho, si kuambiwa tu kwamba iko ofisini. Kama yuko tajiri asiyeweza kabisa kusimama kwa dakika mbili, na anunue chuma: asimike nguzo, atundike wavu, awafundishe watu kwa miezi. Tutakwenda kumsaidia kuchimba shimo la nguzo.

Mpaka hapo tutakapojibiwa, tunawaomba makanga na vijana wa steji wasinyoshe mkono kwa gari linalokwenda. Gari likipita na kifurushi, lipite. Mteja atampigia simu tajiri, na simu hiyo itasema mengi kuliko barua yetu. Atakayefukuzwa kwa sababu hiyo aje kwa katibu siku ile ile. Atakayeumia asinyamaze wala asidanganywe kwa pesa ya chai hospitalini. Ajali iripotiwe mara moja, maana madai ya fidia yanatakiwa yafikishwe ndani ya miezi 12.

Daftari zimekwisha pelekwa kwa wajumbe wa Kaaga na Makutano. Mwanachama atakayeona kifurushi kikipokewa au kutupwa gari likienda aandike siku, saa, namba ya gari na upande lililokuwa likielekea. Jina la makanga lisiandikwe. Shauri letu si juu yake.