Gundi mpya ya meno: Hesabu ya mkulima wa Singida

MKULIMA wa alizeti au vitunguu mkoani Singida anapoumwa jino huwa na njia mbili: kung'oa au kuziba. Kung'oa humaliza maumivu mara moja, na wengi huchagua hivyo. Kuziba huokoa jino, lakini sifa yake imeharibiwa na jambo moja. Baada ya miaka michache dawa iliyozibwa hulegea, au jino huoza tena pembeni yake, na mgonjwa hulazimika kutafuta nauli nyingine ya kurudi hospitali.

Tatizo hilo ndilo linalowashughulisha watafiti wa nchi kadhaa, ambao wanatengeneza gundi za meno zenye uwezo wa kuua bakteria. Swali kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo ni kama gundi hizo zitampunguzia gharama, na lini.

Kinachoharibika ni mpakani

Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa tindikali inayoyeyusha jino. Dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, ambayo hugandishwa kwa mwanga wa taa maalumu, husinyaa kidogo inapoganda na inaweza kuacha ufa mwembamba. Mate na bakteria hupenya humo, gundi hudhoofika taratibu na jino huanza kuoza upya.

Dawa ya zamani ya rangi ya fedha, yaani amalgamu, ni imara na haihitaji taa. Hata hivyo, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, ile ile inayotumiwa na wachimbaji wadogo kukamatia dhahabu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, na Novemba 2025 nchi wanachama zilikubaliana mjini Geneva kuachana na amalgamu ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo kupata dawa mbadala inayodumu si anasa tena.

Watafiti wamefika wapi

Katika miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka, Japani, wakiongozwa na Satoshi Imazato, walitengeneza kiambato kiitwacho MDPB. Kiambato hicho huungana na gundi inapoganda, hivyo hakioshwi na mate. Bakteria anayekigusa hudhurika. Gundi yenye kiambato hicho imekuwa sokoni tangu miaka ya 2000. Nchini Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland wameongeza madini ya kalisi na fosfati ili jino lirudishiwe kile linachopoteza.

Pamoja na hayo, ushahidi mwingi umetoka maabara. Ndani ya kinywa, mate na mabaki ya bakteria waliokufa huweza kufunika gundi na kupunguza nguvu yake. Aidha, gundi nyingi za aina hii huhitaji umeme, taa na jino lililokaushwa vizuri. Singida ina jambo jingine: maji ya baadhi ya maeneo yana floridi nyingi, na tafiti kadhaa zimeonyesha kuwa gundi hushika kwa shida zaidi kwenye jino lililoathiriwa na floridi.

Tanzania ina lake

Kuna mbinu iliyoanzia hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kusafisha jino kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, kisha kuliziba. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliinadi mbinu hiyo duniani. Dawa inayotumika nayo ni saruji iitwayo glasi ionoma, ambayo hujishikiza yenyewe kwenye jino na kutoa floridi kidogo kidogo. WHO iliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021.

Majumuisho ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kuwa meno ya ukubwani yaliyozibwa upande mmoja kwa njia hii, takriban 80 kati ya 100 yalikuwa bado mazima baada ya miaka mitano. Kwa meno ya utoto yaliyozibwa pande mbili au zaidi, ni takriban 62 tu kati ya 100 baada ya miaka miwili. Hapo ndipo dawa inayodumu inapohitajika zaidi.

Hesabu yenyewe

Tuseme kuziba jino ni Sh30,000, nauli ya kwenda na kurudi Sh10,000, na siku ya kazi iliyopotea Sh10,000. Jumla ni Sh50,000. Likidumu miaka mitano, kila mwaka limegharimu Sh10,000. Likidumu miaka kumi, ni Sh5,000.

Gundi bora ingemwokolea mkulima Sh50,000 za safari ya pili. Lakini fedha hizo angezitoa baada ya miaka mitano, wakati bei ya juu ya gundi anadaiwa leo, pengine Desemba anapohitaji mbegu. Hivyo nyongeza inayomfaa ni ndogo kuliko Sh50,000. Tena, katika mfano huu Sh20,000 ni nauli na siku ya kazi. Huduma ikisogezwa kwenye zahanati ya kijiji, sehemu kubwa ya gharama hiyo hupungua bila kusubiri gundi mpya.

Wafugaji nyuki wasikimbilie

Wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi wanaweza kujiuliza kuhusu gundi ya nyuki, ambayo inajulikana kwa kuzuia bakteria. Ni kweli watafiti wameichanganya na glasi ionoma. Nguvu dhidi ya bakteria huongezeka, lakini kiasi kikizidi saruji inaweza kupungua uimara. Tena gundi ya nyuki hubadilika kulingana na miti ya eneo, wakati kiwanda cha dawa hutaka ubora usiobadilika. Soko hilo bado ni la maabara. Asali na nta ndizo za kutegemea.

Kwa sasa, la busara ni kuwahi kuziba tundu likiwa dogo, kwa kuwa ndilo linalodumu, na kumuuliza mtaalamu anatumia dawa gani na hudumu muda gani. Nazo halmashauri, zinapopanga bajeti za zahanati, zikumbuke kwamba glasi ionoma na vifaa vya mkono havihitaji kusubiri umeme.