Anayeuliza Naye Afundishwe

Leo nina jambo moja limenikaa rohoni, naomba mnivumilie.

Hapa chuoni Ohio nimejiunga na klabu ya wanafunzi wa rasilimali watu, yaani hawa wanaosomea uafisa utumishi. Najua kuna watakaocheka: "Sasa hapo kuna nini cha kufanyia klabu, kupanga mafaili?" Subirini kidogo. Vyuo vingi Marekani vina klabu kama hii, na nyingi ni matawi ya SHRM, chama cha wataalamu wa fani hiyo kilichoanzishwa mwaka 1948, makao makuu yake Alexandria, Virginia. Tunakutana jioni baada ya vipindi, tunakula piza, tunamsikiliza afisa utumishi aliyealikwa, tunapitia CV za wenzetu, na mara moja moja tunatembelea kampuni kuona kazi inavyofanyika.

Lakini kwa maoni yangu shughuli kubwa kuliko zote ni usaili wa mazoezi. Mmoja anajifanya mwombaji kazi, watatu wanakaa mezani kama jopo, wengine wanatazama na kukosoa. Kilichonishangaza ni kwamba anayekosolewa zaidi si mwombaji, ni jopo. Mtu akiuliza "Umeolewa?", "Una watoto wangapi?", "Unasali wapi?", anasimamishwa hapo hapo: hilo linahusiana nini na kazi? Kama kazi ni ya kusafiri, uliza kama anaweza kusafiri, na umuulize hivyo hivyo mwanamume na mwanamke.

Hii si adabu tu. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inakataza mwajiri kubagua kwa rangi, dini, jinsia au nchi ya asili. Ya 1967 inawalinda wenye miaka 40 na kuendelea, na ya 1978 ikawataja wajawazito. Ukiuliza swali la namna hiyo halafu ukamnyima mtu kazi, swali lako linaweza kugeuka ushahidi mahakamani. Sisemi Wamarekani ni malaika. Wangekuwa malaika wasingehitaji mazoezi.

Sasa turudi Bongo. Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na orodha yake ni ndefu: kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, hata VVU. Sheria nzuri kabisa. Ila nani amemfanyisha mazoezi yule anayekaa upande wa pili wa meza? Dada zetu bado wanaulizwa wanatarajia kuzaa lini. Kijana anaulizwa "wewe mtu wa wapi?" na moyo unamdunda, maana hajui jibu lipi litampa kazi na lipi litamnyima. Akitoka hapo tunamlaumu yeye kwamba hajui kujieleza!

Mtaniambia, ajira zenyewe ziko wapi? Kweli, klabu haizalishi ajira hata moja. Lakini nafasi ikiwa moja na waombaji mia, ndipo swali la hovyo linapoumiza zaidi, kwa sababu ndilo linalochuja watu. Wengine mtasema ni kujuana tu. Nalo kweli, ila kujuana kunastawi pale jopo lisipokuwa na maswali yaliyoandikwa, yale yale kwa kila mwombaji, na alama za kujaza mbele ya kila jibu. Hilo nalo tunalifanyia mazoezi.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaosoma utumishi Mzumbe, Chuo cha Utumishi wa Umma na kwingineko, kama hamjaanza, anzeni. Hamhitaji mfadhili. Tafuteni darasa tupu jioni, meza moja, viti vinne, na afisa utumishi mstaafu wa mtaani mwenye moyo wa kuwakosoa. Badilishaneni viti. Leo wewe ni mwombaji, kesho ni jopo, ili siku utakapopewa kiti hicho kwa kweli ukumbuke ulivyotetemeka upande wa pili.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza: kuna kuuliza ambako ni ujinga mtupu, na dawa yake ni kufundishwa mapema.